Maswali ya umeme wa okestra: dijonkteri inayoruka, maikrofoni inayouma, grupu inayohema

Safari hii nilidhani mtaniuliza habari za mikseri na maikrofoni. Kumbe maswali karibu yote ni ya umeme, wala sishangai. Nimefunga vyombo kwenye nganda (baa za muziki), kumbi za harusi na nyua za Goma kwa miaka mingi, na usiku wangu mbaya karibu wote ulianzia kwenye prizi (soketi ya ukutani) kabla haujafika kwenye bafle (spika kubwa). Mwenye ukumbi tunamuuliza atalipa ngapi na watu watakuwa wangapi. Waya wake unatoka wapi, hakuna anayeuliza.

Papa fundi, sisi ni okestra ya watu saba, tunapiga kila Jumamosi kwenye nganda moja ya Himbi. Tuna bafle nne za wati 1,000 kila moja. Dijonkteri ya ukumbi, ile swichi inayokata umeme ukizidi, ni ya ampea 16. Tukianza polepole inakubali, tukiingia sebene, ile sehemu ya kasi ya kucheza, inaruka. Mwenye nganda anasema vyombo vyetu vinakula sana. Tununue bafle ndogo?

Msinunue kitu kwanza, tupige hesabu. Ampea 16 kwa volti 220 ni wati 3,520. Mkijumlisha bafle zenu mnapata 4,000, mnaona mwenye nganda ana haki. Lakini ile 1,000 iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni nguvu ya sauti ya kilele, ile ya mpigo mmoja wa ngoma. Muziki una mapengo. Hata mkipiga kwa nguvu, bafle ya namna hiyo kwa wastani hula kama wati 200 ukutani. Nne ni 800. Ongezeni ampli ya besi 300, ya gitaa 150, mikseri na kinanda pamoja chini ya 100. Mko kwenye wati 1,300 hivi.

Sasa inueni macho juu. Taa zile nne za halojeni zinazowachoma vichwani, kama ni za wati 500, ni 2,000 peke yake. Friji mbili za bia zikiwa kwenye laini hiyohiyo, wekeni 300. Tumefika 3,600, na dijonkteri inavumilia, kwa sababu ikizidiwa kidogo tu inaweza kukaa muda mrefu bila kuruka. Halafu mtu wa jikoni anachomeka birika la wati 1,500. Hapo ni ampea 23, na baada ya dakika chache giza. Sebene inalaumiwa kwa sababu ndiyo saa ambayo taa zote zinawaka, wateja wanafungua friji kila mara, na jikoni kumechangamka.

Ubadilisheni taa ziwe za LED. Nne za wati 50 hazifiki hata nusu ya taa moja ya zamani. Kisha mwombeni mwenye nganda laini ya jukwaa itoke peke yake kwenye kabati la umeme, isipitie jikoni. Akiwaambia ataweka dijonkteri ya 32 ili isiruke tena, mkatalieni kwa heshima lakini mkatalieni. Dijonkteri inalinda waya uliomo ukutani. Ukiweka kubwa kuliko waya, kitakachokatika ni waya wenyewe, na utakatika ukiwaka moto.

Nikishika gitaa na kusogeza mdomo kwenye maikrofoni, inaniuma midomo. Wenzangu wananicheka, wanasema nivae viatu vya raba. Ni hatari kweli?

Ni hatari. Mwaka 1972, huko Swansea, Wales, Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alifia jukwaani mbele ya watu alipogusa maikrofoni ambayo vyombo vyake havikuwa na waya wa ardhi. Wewe unaumwa midomo kwa sababu gitaa lako na maikrofoni haviko kwenye volti moja: nyuzi zimeshikana na ampli, maikrofoni imeshikana na mikseri, na kati ya viwili hivyo umesimama wewe. Huenda ni uvujaji mdogo tu wa vyombo visivyo na ardhi, ule wa kuwasha kama upupu. Huenda pia waya wa moto umegusa chuma ndani ya ampli. Midomo haiwezi kukuambia ni kipi kati ya hivyo.

Chukua multimeta, iweke kwenye volti za AC, ncha moja kwenye wavu wa maikrofoni, nyingine kwenye nyuzi za gitaa. Volti moja au mbili, endelea. Ikionyesha 40, 90, 110, usiimbe mpaka ijulikane chanzo.

Hapa Goma tatizo hili lina mzizi wake chini ya miguu yetu. Waya wa ardhi unatakiwa uishie kwenye fito ya shaba iliyozamishwa ardhini. Nani anazamisha fito ya mita moja na nusu kwenye lava? Mtaa uliojengwa juu ya lava ya volkeno Nyiragongo ya Januari 2002, ile iliyokata mji mpaka ziwani, ukipiga nyundo fito inajikunja kama msumari mbovu. Na hata ikiingia, jiwe kavu la volkeno halipokei umeme vizuri kama udongo wenye unyevu. Basi fundi aliyechoka anaufunga ule waya wa kijani na njano kwenye nondo yoyote, au anauacha unaning'inia nyuma ya prizi. Prizi ina tundu la tatu, lakini tundu halina kitu.

Fundi mzuri anachimba mtaro, analaza waya mtupu wa shaba mita kadhaa, anafukia kwa udongo wa kuletwa, wengine wanachanganya na makaa ya kusaga, na mahali pale panamwagiliwa wakati wa kiangazi. Tuseme amepata ardhi ya omu 100 (omu ni kipimo cha ugumu wa umeme kupita), na ampli yako ina hitilafu. Umeme utakaopita ni 220 gawanya kwa 100, yaani ampea 2.2. Dijonkteri ya 16 haitashtuka hata kidogo, na chuma cha ampli kitabaki na volti zote. Ndiyo maana nawasumbua watu kila mara kuhusu diferansieli ya miliampea 30. Hiyo inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua kidogo tu njiani, inakata. Kwa ardhi ileile ya omu 100, uvujaji wa kukipa chuma volti 3 tu unatosha kuifanya ikate. Kwa mji uliokaa juu ya mawe, sijui kifaa kingine chenye thamani kama hicho.

Usingoje kumbi ziweke. Okestra iwe na sanduku lake: diferansieli ya 30, dijonkteri ya 16, kipima volti cha kusomeka kwa mbali, prizi sita, na waya mnene wa nyuzi tatu wa kuingilia. Jukwaa lote linakula humo. Kabla ya kila onyesho bonyeza kile kitufe cha T, cha kujaribu, kwenye diferansieli. Kisipokata, diferansieli imekufa, tupa. Viatu vya raba vaa ukipenda, ila siku ukiegemea nguzo ya chuma havitakusaidia.

Mimi ni mwongozaji wa kwaya, Majengo. Tukiunganisha laptopu kwenye mikseri, bafle zinavuma "mmmm" ibada nzima. Kijana mmoja ametushauri tukate ule mguu wa tatu wa plagi. Tulijaribu, mvumo ukaisha.

Mama, urudisheni leo, kabla ya ibada ijayo. Mvumo uliisha kwa sababu mmekata mojawapo ya njia mbili za ardhi zilizokuwa zinazungukana. Lakini hiyo njia ndiyo ile niliyomweleza mpiga gitaa hapo juu, na mkono utakaogusa chombo hicho ni wa mwimbaji wenu.

Dawa ya bure: chomoeni chaja ya laptopu, itumie betri wakati wa nyimbo. Mara nyingi panakuwa kimya palepale. Ikishindikana, chomekeni laptopu na mikseri kwenye prizi ya sehemu moja, isiwe moja huku madhabahuni na nyingine kule mlangoni. Dawa ya kununua ni kisanduku cha DI chenye transfoma ndani, kinachokaa kati ya laptopu na mikseri. Kina swichi inayokata ardhi ya waya wa sauti peke yake, wala haigusi ardhi ya umeme.

Tumenunua grupu (jenereta) ya petroli imeandikwa 3 kVA. Fundi alituambia inatosha kabisa. Ikifika saa ya pili ya onyesho inahema, sauti inakuwa mbaya, taa zinapepesa. Tumeuziwa feki?

Huenda si feki. Kwanza, 3 kVA ni kile inachoweza kubeba kwa dakika chache. Someni kibao chake, kuna namba ya pili ndogo, ya kazi ya kudumu. Tuseme ni kilowati 2.5. Pili, mji wetu uko mita kama 1,500 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia moja ya nguvu kila unapopanda mita 100. Ondoeni asilimia 15, mmebaki na 2.1. Tatu, grupu haipendi kubebeshwa mpaka shingoni usiku kucha. Robo tatu inatosha, yaani wati 1,600 hivi. Okestra ya Himbi ya juu hapo ingepita, bila friji na bila halojeni.

Iwasheni ikiwa haina mzigo, ipate moto dakika mbili tatu, pimeni volti, ndipo mchomeke. Wakati wa kuzima, bafle kwanza. Petroli iongezwe injini ikiwa imezimwa na kupoa, wala si kwa kidumu na sigara mdomoni, kama nilivyoona kwa macho yangu. Na muulizeni fundi wa umeme kama nyutro ya grupu (waya wa kurudisha umeme) imefungwa kwenye bodi yake ya chuma na kwenye ardhi. Grupu nyingi ndogo hazijafungwa, na hapo diferansieli ya sanduku lenu inakuwa pambo.

Mvua ikinyesha, msiiingize ndani, hata kwenye korido, hata dirisha likiwa wazi. Watoto wa Goma wanafundishwa mapema kuogopa mazuku, ile hewa ya volkeno inayokaa mabondeni na kuua mbuzi na watu bila kelele. Moshi wa grupu una ndugu yake, monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, nayo haikai chini kama mazuku: inajaa chumba kizima, aliyesimama na aliyelala wote wanaipata. Ijengeeni kibanda cha bati nje, pande ziwe wazi.

Ralonji yetu (waya wa kurefushia umeme) ni ya mita 50 kwenye gurudumu. Tunatoa mita kumi tu, zilizobaki zinakaa zimeviringwa. Kuna shida?

Ipo. Waya ulioviringwa hauna pa kutolea joto, plastiki inayeyuka ndani kwa ndani. Ufungueni wote. Na kama ni wa milimita mraba 1.5, mita 50 kwa ampea 10 zinakula karibu volti 12 njiani. Wa 2.5 unakula 7. Jioni ambayo umeme umeshuka mpaka 190, tofauti hiyo mtaisikia kwenye besi.

Ukumbi mmoja una laini mbili za kampuni tofauti. Tunaweza kugawa, bafle huku, vyombo kule?

Hapana. Mji wetu una SNEL, una Virunga Energies yenye maji ya Matebe, una Nuru na jua lake la Ndosho, na ni jambo jema. Ila jukwaa moja lile chanzo kimoja. Ukigawa, kati ya gitaa na maikrofoni unaweza kukuta volti 220 au hata zaidi. Kuhama kutoka laini moja hadi nyingine, au kwenda kwenye grupu, kufanyike kwa inveseri, swichi ya kubadili chanzo, yenye moja, sifuri, mbili. Ile plagi ya dume pande zote mbili, ya kurudisha umeme wa grupu ukutani, sitaki hata kuiona.

Mkiwa huko, tazameni taa. Katika harusi moja niliona balbu za upande mmoja zikiwaka nyeupe kama mchana na za upande wa pili zikififia. Nikafikiri ni mapambo. Kumbe nyutro ilikuwa imelegea kwenye kabati la fazi tatu, na ambapo hapana nyutro, volti 380 zinagawana zinavyotaka. Adapta ya kinanda ilipasuka kabla bibi harusi hajaingia. Kinanda kilikuwa changu. Siku hizi ninabeba kikata-volti kinachozima volti zikivuka 250, na sichomeki kitu kabla ya kusoma namba.

Tuna betri moja ya volti 12, Ah 200, ya risasi, na inveta (kigeuza umeme wa betri kuwa wa ukutani). Inaweza kubeba dote (sherehe ya mahari) ya mchana, bafle mbili na mikseri?

12 mara 200 ni wati-saa 2,400. Betri ya risasi tumieni nusu, la sivyo mtaiua: 1,200. Inveta inakula sehemu yake, zinabaki kama 1,000. Bafle mbili ndogo na mikseri, tuseme wati 300. Saa tatu na kidogo. Dote zinazoanza kwa saa iliyoandikwa mimi sijawahi kuziona, kwa hiyo hotuba za wazee zipite bila bafle.

Umeme ukikatika katikati ya sebene tufanye nini?

Mpiga ngoma aendelee, watu wapige makofi. Mmoja wenu, mteuliwe kabla, akimbie kuzima bafle na ampli. Umeme ukirudi, someni kipima volti kwa dakika mbili, kisha washeni mikseri, bafle mwisho.