Upepo unawezaje kuunda udongo wa kilimo?

SWALI: Nimesoma katika kitabu cha jiografia kwamba udongo wa manjano wa kaskazini mwa China, uitwao loesi, uliletwa na upepo. Upepo unawezaje kurundika udongo wenye unene unaozidi mita 100, na vumbi linageukaje kuwa udongo wenye rutuba? – Mwalimu, Morogoro.

JIBU: Ndugu Mwalimu, kwa swali la kwanza, jibu ni muda. Huko Luochuan, katika jimbo la Shaanxi, loesi ina unene wa takriban mita 130, nayo ilirundikana kwa miaka ipatayo milioni 2.5, yaani wastani wa mita 1 kwa kila miaka 20,000 hivi. Barafu na baridi kali zilisaga miamba milimani, mito ikauteremsha unga huo hadi kwenye majangwa, kisha pepo za majira ya baridi zikaupeperusha kutoka kaskazini-magharibi. Mchanga, kwa uzito wake, ulibaki nyuma. Ndiyo maana kadiri uendavyo kusini-mashariki ndivyo chembe zinavyozidi kuwa laini na tabaka kupungua unene.

Swali la pili ndilo lenye utamu zaidi. Vumbi hilo liliangukia nyasi, ambazo zililinasa na kuendelea kumea juu yake, hivyo udongo ukawa unaundwa huku malighafi yake ikizidi kuletwa. Katika kuta za makorongo ya Luochuan, matabaka ya manjano hupishana na mengine ya rangi nyekundu iliyofifia. Ya manjano ni ya vipindi vya baridi na ukame, vumbi lilipowasili kwa wingi kuliko mimea ilivyoweza kulibadili. Mekundu ni ya vipindi vya joto na mvua: vumbi lilipungua, mimea ikaacha mboji, chuma kikashika kutu, na maji yakaiyeyusha chokaa na kuishusha, ikaganda kuwa vinundu vigumu chini ya tabaka.

Rutuba yake inatokana na madini ambayo mvua haijayachuja yakaisha, pamoja na vijitundu vingi, vikiwemo vya wima vilivyoachwa na mizizi, ambavyo hupitisha hewa na kuhifadhi maji. Hata hivyo, loesi iliyovuliwa mimea humomonyoka upesi mno, na ndiyo inayoupa Mto Huang He rangi yake. Tangu 1999 serikali ya China imekuwa ikiwalipa wakulima ili waache kulima kwenye miteremko mikali na badala yake wapande miti na nyasi. Kwa maoni yangu, katika sehemu kavu zaidi nyasi zinafaa kuliko miti, kwa sababu miti hunyonya maji ya udongoni kuliko mvua inavyoweza kuyarudisha.