Mkuu, usitaje bei ya "kurasa 120" kabla hujahesabu maneno

Simama hapo hapo. Umeandika kwamba mteja anataka umharirie mswada wa kurasa 120, na wewe kesho unampelekea bei: shilingi 3,000 kwa ukurasa, jumla 360,000. Huo ukurasa umeupima kwa kipimo gani?

Waandishi wanabana, mkuu. Herufi saizi 10, mistari imeshikana, pambizo nyembamba kama wembe. Ukurasa wa hivyo unabeba maneno 600 bila jasho. 120 mara 600 ni maneno 72,000. Ukurasa wa kuhesabia kazi ya uhariri ni maneno 250, kwa hiyo una kurasa 288 mezani. Kwa bei yako ile ile hiyo ni 864,000. Nusu milioni na chenji unamzawadia mtu, na asante hupati, maana hata yeye hajui kama kapewa.

Na muda nao hujauhesabu. Kiswahili kilichovurugika ngeli kinaenda kurasa 5 kwa saa, tena ukiwa umelala vizuri. Ulipanga saa 24, utakaa 58. Mgongo wangu unaijua hesabu hii kuliko kikokotoo.

Halafu kuna wale makocha wa semina ya jioni moja: "Taja bei haraka, mteja asikimbie." Wamehariri nini hao zaidi ya vipeperushi vyao, navyo vina makosa? Ujinga huo niliulipia ada, nikapewa na cheti. Kinafunikia chai vizuri.

Omba faili la Word, siyo PDF wala picha za WhatsApp. Idadi ya maneno iko chini kushoto; igawe kwa 250. Kisha chukua kurasa 3 za katikati, za maneno 250 kila mmoja (za mwanzo mwandishi kashazipiga pasi mara kumi), zihariri huku unatazama saa. Zikivuka dakika 36, yaani umeshindwa hata kurasa 5 kwa saa, 3,000 haitoshi. Kwenye makubaliano andika: maneno 72,000, uhariri wa lugha, mzunguko mmoja (unaupitia mara moja tu), kila maneno 250 yatakayoongezeka yanalipiwa. Usipoandika, katikati ya kazi italetwa "sura moja ndogo tu". Na kusoma prufu (kusaka makosa yaliyobaki) baada ya kitabu kupangwa ni kazi nyingine, ina bei yake.

Uliuliza pia mambo ya wateja wa nje, sijui na kodi. Wengine watakuja kukujibu. Wewe niambie kwanza: hiyo bei umeshaituma au bado?