Jibu: Keria ya Land Cruiser 80 kwa kubebea mbao na mabomba

Habari za jioni, ndugu. Umeuliza kama inafaa kuchomelea miguu zaidi kwenye keria ya zamani ya Land Cruiser 80 ya mwaka 1994, ili ubebe mbao za futi 12 na mabomba ya mita 6 hadi kiwanjani kwako Chanika.

Kabla ya kumlipa fundi, kagua mifereji ya maji ya mvua iliyo pembeni mwa paa, kwa kuwa miguu ya keria hushika hapo. Kwangua rangi iliyovimba kwa bisibisi. Bati likibonyea au kutoboka, keria mpya haitakusaidia kitu. Gari langu, ambalo kwa miaka mingi lililala karibu na bahari, lilikuwa limeoza upande wa abiria chini ya rangi iliyoonekana nzima kabisa.

Iwapo mifereji ni mizima, usichomelee chochote kwenye paa, bali ongeza miguu ya kufunga kwa bolti, na ya mbele iwe mbali na ya nyuma kadiri paa linavyoruhusu. Uzito wa keria yenyewe huhesabiwa ndani ya kiwango cha paa kilichomo kwenye kitabu cha gari, hivyo keria nzito hukupunguzia mbao.

Mabomba yatazidi urefu wa gari kwa zaidi ya mita 1, kwa hiyo yafunge kamba hadi kwenye bampa, mbele na nyuma. Mimi niliyafunga juu tu. Nilipokanyaga breki pale Buguruni, yakateleza hadi mbele ya boneti. Nondo za mita 12 ziachie Canter.