Nomino inayoieleza nomino nyingine katika Kiingereza

Ndugu, umeuliza kwa nini duka linalouza viatu vingi huitwa "shoe shop" wala si "shoes shop". Sababu ni kwamba nomino inayotangulia hufanya kazi ya kivumishi, na kwa kuwa vivumishi vya Kiingereza havibadiliki katika wingi, nayo kwa kawaida hubaki katika umoja. Wingi huonyeshwa na nomino ya mwisho, ambayo ndiyo kiini (neno kuu) cha kirai kizima: "shoe shops". Zipo chache zinazokiuka kanuni hii, kama vile "sports car" na "clothes shop", na hizo hazina budi kukaririwa.

Kwa maoni yangu, jambo lenye uzito zaidi kwetu ni mpangilio, kwa sababu Kiswahili hutanguliza kiini na kukiunganisha na nomino inayokieleza kwa a-unganifu (ya, cha, la n.k.), ilhali Kiingereza hukiweka mwisho. "Glasi ya mvinyo" yetu hubeba maana mbili, lakini wao huzitenganisha: "wine glass" ni chombo chenyewe, hata kikiwa kitupu, na "a glass of wine" ni kinywaji kilichomo. Vivyo hivyo "flower garden" ni bustani, bali "garden flower" ni ua.