Ukitaka kupunguza sukari, anza na kijiko

Ushauri wa afya tunaopeana mtaani huwa mzigo. Mtu akipimwa akaambiwa presha imepanda, kesho yake kila anayemjua ana orodha: acha wali, acha nyama, acha chai, kimbia alfajiri, kunywa maji ya vuguvugu na ndimu. Anajitahidi wiki mbili, anakonda kidogo, ananuna sana, halafu Jumamosi moja unamkuta kibandani na chips mayai, soda mbili pembeni. Nami presha yangu ilipovuka 140 kwa 90 nilipewa orodha ya namna hiyo. Nikachagua jambo moja, sukari ya chai, mengine nikayaambia yasubiri zamu yao. Dawa alizoandika daktari nilimeza kama alivyosema. Haya ninayoeleza huenda pamoja na dawa, hayachukui nafasi yake.

Sukari niliitanguliza kwa sababu hesabu yake haina ubishi. Kijiko cha chai kisichojaa sana kina kama gramu 4. Vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, tayari ni gramu 36. Weka na soda moja ya chupa ya mililita 350, ambayo peke yake ina zaidi ya gramu 35, umeshapita 70. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe kama gramu 50 za sukari ya kuongeza kwa siku, na akiweza ashuke hadi 25. Na hapo andazi hatujaligusa.

Kopo letu la sukari lilikuwa na kijiko kikubwa, kile cha kulia wali, na kila mtu alichota kimejaa mpaka kinamwagika mezani. Nikakiondoa, nikaweka kidogo. Sikuitisha kikao cha familia. Baada ya hapo nikawa napunguza nusu kijiko, natulia hapo mpaka ulimi uzoee, ndipo napunguza tena. Tangawizi na iliki zilinibeba, maana chai iliyokolea viungo haikukumbushi sana utamu. Siku hizi chai ya msibani, ile inayotiwa sukari humo humo kwenye sufuria kubwa, siwezi kumaliza kikombe.

Chumvi ndiyo kazi. Sukari ni ya kikombe changu, lakini chumvi ni ya sufuria ya watu wote. Ukijiamulia peke yako, mpishi atadhani unakisema chakula chake.

“Baba Neema, mchuzi chapwa mimi sili,” mke wangu alisema mapema kabisa.

“Mchuzi tuuache ulivyo, mama. Tutoe chumvi kwenye wali tu.”

Tukakubaliana hapo. Wali ukiwa hauna chumvi, mchuzi wa juu yake unaubeba, na watoto hawakugundua lolote. Kachumbari ikaongezewa ndimu na pilipili badala ya chumvi. Kile kibakuli cha chumvi kilichokuwa kinakaa mezani kikahamia kabatini, juu, mahali ambapo lazima uinuke ukifuate. Utashangaa watu wangapi hawainuki. Kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu ulichokula tangu asubuhi, pamoja na chumvi iliyojificha kwenye mkate, soseji na vile viungo vya pakiti vya mchuzi. Nyama choma na kisahani chake cha chumvi sitaki hata kukizungumzia.

Kuna imani kwamba ukishikilia jambo siku 21 linakuwa mazoea. Watafiti wa chuo kikuu cha University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuatilia watu 96, kila mmoja na kitu kidogo alichochagua kukifanya kila siku baada ya tukio fulani, tuseme baada ya kifungua kinywa. Katikati ya makadirio yao ilikuwa siku 66, ila tofauti ni kubwa: kuanzia 18 hadi 254. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Basi nikienda kwenye harusi nakula pilau yangu kwa amani, soda nakunywa, na kesho yake narudi kwenye kijiko kidogo. Wanaojiadhibu Jumapili kwa sababu ya Jumamosi ndio wanaoacha kabisa Jumatatu.

Mazoezi niliyabandika kwenye safari ya kazini. Kutoka kituo cha mwendokasi Kimara hadi kwangu ni kama dakika 20 kwa miguu, na anayeijua Kimara anajua vilima vyake. Zamani nilipanda bodaboda moja kwa moja. Sasa vijana wa kijiweni wananitania: “Mzee, na leo tena?” Na leo tena, wanangu. Mchana nazunguka dakika 10 kabla ya kwenda kwa mama ntilie. Kwa siku 5 za kazi inatimia 150, kiwango cha chini kinachoshauriwa kwa wiki. Masika yakianza na tope likitanda, napanda ngazi za ofisini na hiyo inatosha kwa siku hiyo. Kama njia yako ina giza au haina usalama, usifuate mfano wangu wa jioni; tafuta nafasi mchana.

Kwa mama ntilie nako nina neno langu moja: “Dada, nipunguzie wali, niongezee mchicha.” Siku ya kwanza alicheka: “Sawa kaka, lakini bei ni ile ile!” Siku hizi ananipakulia kabla sijafungua mdomo.

Ukiwa na mashine ya presha nyumbani, usipime umetoka kupanda kilima. Kaa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunjana, mkono umelala mezani usawa wa moyo, na usiongee. Kahawa na sigara ziwe zimepita nusu saa. Namba iandike kwenye daftari uende nalo kliniki, maana daktari anafanya kazi vizuri zaidi na vipimo vingi kuliko kimoja cha siku uliyokimbizana na foleni.

Sasa hivi zamu ni ya usingizi. Simu yangu inalala sebuleni kwenye chaji, na nimenunua saa ya kengele Kariakoo ili nisiwe na kisingizio. Saa yenyewe inakimbia mbele, hivyo nyumba nzima tunaamka kabla ya majirani, na mama Neema ameshaniambia niirudishe kwa aliyeniuzia.