Muulize Ami: Kipunda cha kanga mezani, ni bahati ama hirizi?

*Assalaam aleikum Ami. Mimi niko Lamu, mtaa wa Langoni, naandika hadithi fupi, nyingine kwenye daftari nyingine kwenye simu. Bibi yangu alinishonea kipunda kwa mabaki ya kanga, nikamweka mezani, na kusema kweli tangu aje maneno yanakuja. Nikimkosa basi siandiki kitu. Sasa shangazi kamuona kasema hiyo ni hirizi nikamtupe baharini. Nifanyeje? Na kuna waandishi wengine wa hivi ama ni mimi tu? — Binti wa Langoni*

Waaleikum salaam mwanangu. Baharini usimtupe, takataka zilizoko huko zinatosha, na bibi yako akisikia sijui utamwambia nini.

Hili la hirizi nitalisema kwa adabu maana mimi si sheikh. Mtu akivaa hirizi anaamini kuna kitu ndani yake kinachomkinga ama kumvutia riziki. Je wewe unaamini kipunda ndiye anayekupa maneno? Kama jibu ni ndiyo basi shangazi ana haki ya kushtuka, nenda ukaongee na mwalimu wako wa chuoni akueleze vizuri. Kama ni mwanasesere tu anayekuchekesha ukikaa kuandika, hapo naona shangazi kakimbilia mbali. Bi Aisha mwenyewe alikuwa na wanasesere, iko kwenye hadithi aliyoipokea Abu Dawud, na kati yao kulikuwa na farasi aliyewekwa mabawa mawili ya matambara. Mtume (s.a.w.) akamuuliza, farasi ana mabawa? Akajibu, kwani hukusikia kuwa Suleiman alikuwa na farasi wenye mabawa? Mtume akacheka mpaka magego yakaonekana. Msomee shangazi hiyo, pole pole, na kahawa iwepo.

Waandishi wengine wapo wa kumwaga. Charles Dickens, yule Muingereza, alikuwa na vitu vyake vya mezani ambavyo lazima viwepo ndio aandike, kimoja ni vyura wawili wa shaba wanapigana kwa panga. Vyura! Na huyu ni mtu aliyejaza makabati kwa vitabu. Hata vijana wa kompyuta wana bata wao wa mpira, wale wa kuogea watoto, programu ikigoma wanamueleza bata mstari kwa mstari kazi yao inafanyaje, na mara nyingi kabla hawajamaliza kueleza kosa wanaliona wenyewe. Bata hajui lolote ila ukisema kitu kwa sauti unalazimika kukipanga, na pale penye pengo ulimi unakwama, wakati kichwani ulikuwa unaliruka tu.

Kwahivyo kipunda wako mpe kazi hiyo. Ukimaliza ukurasa msomee kwa sauti, ukifika mahali ukajiona unaharakisha ama unaona haya, ujue pale ndio pabovu. Kazi yake ya pili ni kukufungulia mlango, yani ukimtoa kwenye droo mkono unajua sasa ni saa ya kuandika, simu kando, hakuna kuchungulia status za watu. Ila hii ya kusema ukimkosa huandiki kitu siipendi hata kidogo. Makusudi kabisa siku nyingine mwache chumbani, uende ukakae pale seafront na daftari uandike hata aya moja mbaya, maana siku mtoto wa jirani atakapomchukua (na atamchukua) hadithi isifie katikati.

*Ami mambo. Mimi ni fundi cherehani Malindi, mabaki ya vitambaa yamenijaa, nataka kushona wanyama wadogo wa bahati niwauzie wanafunzi na watu wanaoandika. Nianze na mnyama gani na ndani nijaze nini? — Fundi wa Malindi*

Fundi, wewe uko Malindi halafu unauliza mnyama gani? Twiga! Mwaka 1414 mfalme wa China, Yongle, aliletewa twiga kutoka Bengal, watu kule hawajawahi kuona kitu kama hicho wakasema huyu ndiye qilin, mnyama wao wa kale wa heri, akitokea ni dalili kwamba mtawala ni mwema. Shen Du, bingwa wa mwandiko pale ikulu, akamuandikia sifa zake. Mwaka uliofuata, 1415, wajumbe wa Malindi wakafika na twiga wao. Sasa niambie mwandishi gani atakataa twiga wa Malindi mezani kwake, mnyama ambaye kwa kusimama tu kamfanya mtu ashike kalamu. Andika kisa hicho kwenye kikaratasi umfunge nacho shingoni. Lakini usiandike "analeta bahati", andika kisa tu, mteja atajisemea mwenyewe.

Kushona: twiga ana shida moja, shingo. Ukijaza ovyo ovyo wiki hiyo hiyo inalala. Kata vipande ukibakiza upindo wa nusu inchi, piga bandi kwanza, ushone kwa cherehani upande wa ndani, na pale shingo inapopinda kwenye kifua ukate vijipengo kwenye upindo bila kugusa uzi, la sivyo ukigeuza kitambaa kinajikunja. Acha tundu tumboni la kupita vidole viwili. Jaza miguu na kichwa mwanzo, halafu shingo, kidogo kidogo kwa nyuma ya penseli mpaka iwe ngumu kabisa, tumbo mwisho. Usufi ni mzuri na mwepesi ila kwa shingo mimi ningechanganya na vipande vidogo vidogo vya kitambaa vikae imara. Macho yadarizi kwa uzi hasa kama nyumbani kwa mteja kuna mtoto mdogo, kifungo kinang'oka kinaingia mdomoni.

Na usidharau mabaki yako. Margarete Steiff, fundi wa nguo wa Ujerumani aliyekuwa anatumia kiti cha magurudumu kwa sababu ya polio, mwaka 1880 alishona vitembo vya kuchomekea pini, watoto wakavigeuza vya kuchezea, na kampuni yake mpaka leo inashona wanyama.

*Ami, sungura wangu wa bahati ananuka uvundo tangu masika yaanze. Nimloweke kwenye sabuni? — Msomaji wa Shela*

Kama ndani ni usufi, usimloweke! Unagandana mabonge na kukauka kwake ni kazi. Fumua tundu la tumbo, utoe usufi, uuanike juani juu ya shuka, ufue ngozi peke yake kwa maji ya vuguvugu, ikikauka kabisa ndio ujaze upya. Usufi wenye madoa meusi tupa, nunua mwingine, na wakati wa mvua asikae ukutani.