Aya ya kwanza si ya mgeni rasmi

Habari nyingi ninazoletewa na maripota chipukizi hapa Lamu huanza vilevile: "Wakaazi wa Kaunti ya Lamu wametakiwa..." au "Wito umetolewa kwa..." Kisha linafuata jina la mkubwa, cheo chake, hafla aliyohutubia na ukumbi wenyewe. Msomaji amefika mwisho wa aya na bado hajui kumetokea nini.

Chukua hukumu ya mwaka 2018 kuhusu bandari ya Lamu, ambayo ni sehemu ya LAPSSET, mradi mkubwa wa uchukuzi. Unaweza kuanza hivi: "Mahakama Kuu ya Malindi imetoa uamuzi wake katika kesi iliyowasilishwa na wakaazi kuhusu mradi wa LAPSSET." Hakuna uongo hapo, lakini habari yenyewe haimo. Mimi ningeandika: "Mahakama Kuu ya Malindi imeamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyotokana na ujenzi wa bandari." Nani, kiasi gani, kwa sababu gani. Majina ya mawakili na historia ya kesi vitakuja chini.

Tena nimesema "walipwe", sikusema "watalipwa". Hapo nawasihi sana muwe makini. Amri ya mahakama ni kitu kimoja, pesa kufika mkononi ni kingine. Kuna mvuvi kule Kizingitini atakayesikia "watalipwa" aende akakope mashine ya boti.

Mtu atauliza pia: kila mmoja apata ngapi? Ukigawanya, wastani ni kama shilingi 380,000. Hesabu hiyo ina faida, ila iweke aya ya pili na useme wazi kuwa ni wastani. Aya ya kwanza ikibeba tarakimu tatu, hakuna hata moja itakayokumbukwa.

Ya redio isome kwa sauti kabla ya kuipeleka. Ukikata pumzi katikati ya sentensi, ikate vipande viwili.

Na ukikaa nusu saa mbele ya kompyuta bila kupata sentensi ya kwanza, usiendelee kuremba maneno. Mara nyingi ina maana hukuuliza vya kutosha kule mkutanoni. Mpigie simu mwenyekiti wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo wao, muulize kuanzia kesho kitabadilika nini kwa wavuvi wake, kisha anza na hilo atakalokujibu.